Mbuzi Nisiye Naye

Mbunge wetu alisimama Dodoma, nchi nzima ikisikiliza, akasema mimi namwogesha mume wangu na mbuzi katika beseni moja, kwa maji yaleyale, na kwamba mbuzi ndiye anayetangulia. Mimi sina mbuzi. Sijafuga mbuzi tangu nizaliwe. Jina la mbunge huyo silitaji. Mwenye tabia ya kutaja majina ya watu ni yeye.

Langu mnalijua, maana alilitaja na akalirudia. Ni Mwanakombo, nakaa Chuno, hapa Mtwara, nauza ming'oko soko la Chikongola. Nilizaliwa kijijini karibu na mto Ruvuma. Baba alisema shule iko mbali na msitu uko karibu, kwa hiyo wenzangu walipokwenda kushika kalamu, mimi nilishika jembe nikachimbe mizizi. Ming'oko haipandwi, inatafutwa. Ukiipata unaichemsha kwa chumvi, unaila kwa pilipili, na mtu wa Mtwara akikosa kwa siku mbili anakuwa mkali kwa watoto. Hassani aliponioa akanileta mjini, nilikuja na ujuzi huo peke yake, na ndio uliosomesha watoto wetu. Kila mchana nilipanga ming'oko yangu kwenye beseni la bluu, nikaifunika kitambaa, nikajitwisha. Watu walikuwa hawaniiti jina. Walisema, "Beseni la bluu limefika."

Sasa mtaelewa kwa nini nina uchungu.

Mambo yalianzia msibani. Mama mkwe wangu, Bi Latifa, alifariki, na watani wakaja kufanya kazi yao. Mtani wetu mkubwa ni Yohana, Mngoni, fundi viatu ambaye meza yake iko jirani na mahali ninapouzia. Wangoni walipigana na babu zetu, vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Siku ile Yohana alijifunga kanga ya marehemu, akalala mlangoni, akasema jeneza halitoki mpaka apewe wali. Alimlilia Bi Latifa kwa sauti ya Bi Latifa mwenyewe, akiulizia ugoro wake. Hassani alikuwa hajala wala kusema tangu alfajiri. Hapo ndipo alipocheka kidogo, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kutuumbia Wangoni.

Mbunge naye alikuja kutoa pole. Kwao ni huku, lakini amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na huku huja kama mtu anayekuja kuangalia kiwanja chake. Akapewa kiti kizuri. Siku hizo mabomba yalikuwa makavu, tunanunua maji ya madumu, na mimi nilikuwa naoshea sahani za wageni kwenye lile beseni la bluu. Yohana akaliona, akamwona na mbunge, akavuta uso kama shehe anayesoma hotuba.

"Mheshimiwa, unaliona beseni lile? Humo ndimo mtani wangu anamomwogesha mumewe. Kwanza mbuzi, halafu Hassani, maji hayohayo. Mbuzi anatangulia kwa sababu ndiye anayelisha familia."

Uwanja mzima ulicheka. Hassani alicheka mpaka akashika ukuta. Mbunge hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia pole sana mama, akatoa simu akaanza kubonyeza. Nikadhani anamwandikia mkewe.

Miezi ilipita. Siku moja niko Chikongola, Yohana anapiga nyundo, redio yake inatangaza bunge, bajeti ya maji. Nikamsikia mbunge wetu: "Mheshimiwa Spika, pale Chuno kuna mama muuza ming'oko, anaitwa Mwanakombo." Nikanyoosha shingo, nikadhani nimepata bahati. Halafu akalileta beseni. Akamleta mbuzi. Wabunge wakagonga meza. Yohana aliacha nyundo hewani.

Mbunge mwingine, wa mbali huko, akaomba kutoa taarifa. Akauliza kama mbuzi naye amelalamika, au analalamika mume peke yake. Halafu akasema hakuna mama wa namna hiyo, mwenzake anadanganya bunge. Spika akamtaka wetu athibitishe au afute kauli. Na mwanamume yule, ambaye angeweza kusema "nimefuta," na mimi nikaendelea na maisha yangu, akajibu kwamba atathibitisha.

Nilimgeukia Yohana. Alikuwa amejificha nyuma ya kiatu cha mteja.

"Mtani," akasema, "mimi nilisemea msibani. Nani anachukua maneno ya msibani akayapeleka Dodoma?"

Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko kuoga na mbuzi.

Kesho yake nilifika na beseni langu, na mteja wangu wa kwanza akainama, akanusa, akauliza leo nimechemshia maji ya nani. Watoto wa shule wakawa wakinipita wanalia kama mbuzi. Nasra, ambaye alikuwa ananunua kwangu ming'oko ya ofisi nzima, akawa anavuka barabara akiniona. Nikaacha beseni nyumbani, nikaja na sufuria. Wakasema naona haya, nimelificha beseni. Nikarudi na beseni. Wakasema sina haya. Jioni narudi na mzigo ule niliokwenda nao, tunakula ming'oko usiku, tunakula asubuhi, mpaka Hassani akasema anahisi anaota majani.

Uthibitisho ulikuja kwa bodaboda. Nilikuwa nyumbani natoa ming'oko jikoni, nikasikia pikipiki, nikamwona Josephu, katibu wa mbunge, amempakata mbuzi kama bibi harusi. Alisalimu vizuri, akaniita mama. Akaeleza kwamba Mheshimiwa yuko kwenye wakati mgumu, inatakiwa picha moja tu, Hassani kwenye beseni na mbuzi pembeni, na kwamba taifa litanishukuru.

Nikamwambia atoke yeye na mwanawe.

Akamfuata Hassani barazani. Akamwambia atapewa shati jipya. Mume wangu, niliyeishi naye miaka yote hii, akauliza la mikono mirefu au mifupi. Nilimwangalia tu. Akasema anauliza tu, kuuliza si kukubali.

Tulipokuwa tunabishana pale barazani, mbuzi hakubishana na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni la bluu, lililokuwa limejaa ming'oko ya kwenda sokoni, akaingiza kichwa chote. Hassani akarukia kumtoa. Akateleza, akakalia beseni, mbuzi akaing'ang'ania shuka aliyojifunga, shuka ikaenda na mbuzi. Josephu alipiga picha. Aliondoka kwa haraka hata salamu asitoe, amempakata mbuzi, na mbuzi bado anatafuna.

Picha ile ikawasilishwa mezani. Redio ilisema uthibitisho umepokelewa. Nilikuwa nimesingiziwa, sasa nikawa nimethibitishwa.

Haikuishia hapo, maana wanasiasa wakianza kusahihisha hawajui kuacha. Yule mbunge wa mbali alikwenda kwenye mkutano wake akasema mwenzake anawaita wananchi wa Mtwara mbuzi. Magazeti yakaandika. Wetu akaona amechafuliwa jina, akaomba nafasi atoe maelezo binafsi. Nikaacha kila kitu nikakaa mbele ya redio ya Yohana. Nikasema, leo atanisafisha, maana amekwishaonja jinsi inavyouma.

Akasimama kwa sauti ya msiba. "Mheshimiwa Spika, nimenukuliwa vibaya, na familia yangu imeumia. Sikusema wananchi wangu ni mbuzi. Nilisema yupo mmoja tu anayeishi na mbuzi, na ninampenda."

Spika akaagiza kumbukumbu za bunge zirekebishwe hivyohivyo. Wakagonga meza. Yohana akazima redio yake polepole, kama mtu anayemfunika maiti.

Mbunge wetu alipokuja Chuno kwa mkutano, nilijitwisha beseni nikaenda. Aliponiona alinikumbatia mbele ya watu, akasema huyu ndiye mama yetu. Nikamwambia kwa sauti ambayo wa nyuma waliisikia.

"Baba, mimi sina mbuzi. Ule ulikuwa utani wa msibani. Rudi kule, useme."

Akaniinamia sikioni. "Mama yangu, nimekutetea wewe. Nikisema leo kwamba huna mbuzi, na picha ipo, nitaonekana mwongo. Nikionekana mwongo, nani atakusemea?"

Yohana akajipenyeza mbele, kofia mkononi. Akamweleza kwa adabu zote kwamba kwa desturi zetu, anayebeba utani akautoa nje ya uwanja wa msiba analipa kuku, na anakaa ale chakula cha aliyemwumiza, watu wakimtazama. Akaifungua ming'oko yangu, akampa mmoja. Mheshimiwa aliuangalia. Akaliangalia beseni. Na mimi nikaona kwenye uso wake kwamba mtu yule ameshaamini maneno yake mwenyewe. Alikuwa anafikiria yale maji. Akasema ana kikao, akaingia kwenye gari.

Yohana anajitahidi kulipa sehemu yake. Kila mchana anaacha viatu vya watu, anakaa mbele ya beseni langu, anatafuna kwa kelele na kusifu. Haijasaidia sana, kwa sababu wapita njia wanasema Mngoni anakula chochote. Yeye simdai. Siku akifiwa nitakwenda kwao Songea, nitalala mlangoni, na nitasema mambo mpaka majirani zake wahame.

Mbuzi namdai beseni zima la ming'oko, lakini nasikia alichinjwa Idi. Hassani ananidai shati, anasema nilimkosesha, hilo halipati.

Anayedaiwa ni mbunge. Hajalipa kuku. Hajala mng'oko wangu hata mmoja pale Chikongola, Nasra akiwa upande wa pili wa barabara anaona. Na hajasimama palepale aliposimama, kwenye kipaza sauti kilekile, akasema maneno haya, ambayo nimemrahisishia yawe machache: Mwanakombo hana mbuzi, na mume wake anaoga mwenyewe.