Mabati ya Wiki Ijayo

Kwa miaka kumi na saba Sila Madeje alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Dodoma. Alibeba majalada kutoka meza hii hadi ile, na kwa kuwa majalada hayakuwa na haraka, naye akajifunza kutokuwa nayo. Dirishani watu walijibiwa kwamba suala linashughulikiwa, mhusika katoka kidogo, hebu wapite Jumatatu. Maneno hayo Sila aliyabeba pia kila Jumamosi alasiri, alipoendesha baiskeli kurudi kwake kijijini, upande wa Chamwino.

Nyumba yake ilikuwa tembe: paa bapa la magogo na fito, juu yake nyasi, na juu ya nyasi udongo ulioshindiliwa. Paa la namna hiyo hudai udongo mpya kila mwaka kabla ya mvua za kwanza. Mwaka 1988 Sila hakuona sababu ya kulihangaikia. Biashara ilikuwa imefunguliwa; maduka ambayo miaka mitano nyuma yalikosa hata sabuni sasa yaliuza mabati. Ya kwake alikwisha kuyachagua kwa macho.

"Baba Damas, paa," mkewe Cecilia alimwambia mwezi wa tisa.

"Linashughulikiwa."

"Na nani?"

Sila akacheka. "Udongo wa nini, mke wangu, juu ya nyumba itakayoezekwa bati? Tungoje kidogo."

Juu ya uchaga, ndani, kilikaa kilindo, kasha la gome la mti lenye mbegu za mtama ambazo Cecilia alizichagua wakati wa mavuno, suke kwa suke. Zikiharibika hizo, hawana cha kupanda. Akapika pombe, maana kwao kazi ya paa hualikwa kwa pombe: majirani hupandisha udongo, kisha hunywa. Alipika siku saba. Jumapili, baada ya ibada, wakaja watu tisa na majembe yao, wakiongozwa na jirani yao Bartolomayo.

Sila akawapokea uani. "Ndugu zangu, mabati yanaingia wiki ijayo. Tuahirishe."

Bartolomayo akaegemeza jembe ukutani. "Kazi tutaahirisha, Bwana Tarishi. Pombe haijui wiki ijayo."

Wakainywa yote, wakashukuru, wakaenda zao. Cecilia akaosha vibuyu. Kimea, nafaka iliyooteshwa na kuanikwa, alichobakiza mwaka ule kiliishia humo, na bila kimea hakuna pombe, bila pombe hakuna mwaliko.

Wiki ijayo ikawa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukawa mshahara ukitoka, kisha bei ikapanda. Mabati hayo, kama Cecilia anavyokumbuka bila kusita, yalifika mwaka 1993.

"Panapo majaliwa," Sila alisema Novemba, akifunga mzigo kwenye baiskeli.

"Usimsingizie Mungu. Yeye hajakuzuia kupanda juu ya paa."

Mvua ilianza Jumanne, ikanyesha siku tatu. Cecilia alikifunika kilindo kwa ngozi ya mbuzi, akakihamisha mara nne. Kila alipokiweka, tone lilikifuata. Jumamosi Sila alipofika, alimkuta amekaa sakafuni, kilindo wazi mbele yake. Sila akachota mbegu. Zilikuwa zimevimba, na kila moja imetoa ncha nyeupe.

"Zimeota," alisema.

"Ndiyo. Zenyewe hazikungoja."

Alisimama na zile mbegu kiganjani. Cecilia ndiye aliyenyanyuka kwanza, akatandika mkeka ili jua likitoka azianike. "Kwa shamba zimekufa. Kwa pombe hizi ni kimea. Nitapika. Wewe nenda kaalike."

Sila akaenda kwa Bartolomayo miguu ikizama matopeni.

"Nimekuja kualika, pombe itakapoiva. Na kuomba mbegu, zangu zimeota."

Bartolomayo akajibu, "Mbegu nitakupa, nusu debe. Ukivuna utarudisha hivyo hivyo. Na paa, Bwana Tarishi, linashughulikiwa?"

Sila akaomba karai na jembe.

Alianza jioni ile ile, kabla mvua haijarudi, akaziba kwanza pale juu ya uchaga. Jumapili hakwenda ibadani. Jumatatu alikuwa bado juu ya paa, akishindilia kwa miguu, na kule mjini majalada yalibaki mezani. Waliomwulizia dirishani walijibiwa kwamba katoka kidogo.