Nauli ya Bibi

Leo stendi ya Kabanga nimelia mbele za watu, wala sijali.

Bibi yangu aliacha sukari kwenye chai. Akaacha na bodaboda, kutoka Keza anakwenda sokoni kwa miguu.

Yote hiyo apate nauli ya kumwona mdogo wake, aliyetoka kambi ya wakimbizi akarudi kwao Burundi.

Asubuhi nimemsindikiza. Kabla hajapanda basi, tukamwona mtoto wa huyo mdogo wake anashuka kwenye jingine.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiyo nakuja kwenu!"

Akainamisha kichwa. "Mama tumemzika jana."

Bibi akakaa chini palepale.

Baadaye akauliza, "Wajukuu zake wamebaki na nani?"

Bibi akainuka, akapanda basi lilelile la kwenda kwao.

Nyie mngemzuia?