Nilikuwa naendesha projekta ya mzungu Ruiru, na marehemu kaka yangu alikuwa ndani ya filamu

Wakuu, hamjambo. Vijana, sasa.

Hii ninayoandika ni kweli tupu. Kwa umri wangu hata nikidanganya, karibu wote wa kunisuta wameshazikwa. Kwa hivyo sina faida ya kuongeza chumvi.

Juzi kuna kijana alileta uzi hapa. Amejenga kule Kimbo, karibu na Ruiru, na amepata projekta ya zamani ya filamu, ile ya magurudumu mawili, anataka kuiweka kwenye home theater yake. Akatuma picha, watu wakammwagia likes. Akauliza kama kuna mtu anajua kuiendesha.

Mimi najua. Nilipoiona ile picha nilizima simu nikaenda kukaa nje.

Nilitaka kumjibu kule kwake lakini jibu likawa refu, na lina uchungu, sikutaka kumharibia furaha yake. Nimeleta hapa.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Leo ni plots na maghorofa, ukipita huwezi kujua kama kulikuwa na mti wowote. Mwenye shamba alikuwa mzungu. Jina lake liacheni, sisi tulimwita Kihara kwa sababu ya upara wake.

Kihara alikuwa na chumba cha sinema ndani ya nyumba yake. Ndiyo, home theater. Msidhani mmeianzisha nyinyi.

Viti vya ngozi, mapazia mazito, ukuta mmoja umepakwa chokaa nyeupe. Nyuma, juu ya meza, ndipo ilipokaa mashine. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Babake ndiye aliyeileta kutoka Ulaya kabla ya vita, na Kihara aliipenda kuliko alivyowapenda watu wengi.

Nilianza kama mtu wa kufagia kile chumba. Mikono ya Kihara ilikuwa inatetemeka, nadhani ni pombe, hakuweza kupitisha filamu kwenye meno ya mashine. Akanifundisha mimi. Jumamosi jioni wageni wanakula, halafu wanaingia chumbani na sigara zao, na mimi nasimama nyuma gizani.

Wacha nieleze kazi yenyewe, maana bila hii hamtaelewa yaliyofuata.

Unapitisha filamu kwenye meno, unaacha kitanzi juu ya lenzi na kitanzi chini, unafunga kimlango. Unawasha mota kwanza. Taa baadaye. Ile globu ni moto wa jiko kabisa. Filamu ikiwa inatembea haiungui, kwa sababu kila picha inapita mbele ya taa haraka. Ikisimama tu, inavimba, inageuka rangi ya kahawia, inatoboka. Hiyo picha imekwisha, hakuna fundi wa kuirudisha.

Mashine nyingi zilikuwa na wavu mdogo wa chuma unaoshuka mbele ya taa ukisimamisha filamu, ili kuikinga na joto. Wa kwetu ulikuwa umevunjika. Kihara alijua. Kila mara alisema ataagiza mwingine.

Pia kulikuwa na swichi ya kurudisha filamu kinyumenyume. Hiyo haikuwahi kuharibika hata siku moja.

Sasa, kaka yangu.

Njoroge alikuwa mkubwa wangu. Alifanya kazi kwenye fakitori ya kahawa ya shamba hilo hilo, kubeba magunia. Emergency, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, ilipopamba moto, askari walikuja asubuhi moja wakazingira laini, zile nyumba za wafanyakazi, wakamchukua na wenzake kwa lori. Hatukuambiwa kosa. Baadaye sana mtu aliyeachiliwa kutoka kambi walikofungiwa alipita kijijini akamwambia mama kwamba Njoroge alikufa. Alikozikwa, hakujua.

Hatukuwa na picha yake. Wakati huo mtu wa kawaida hakuwa na picha. Alikuwa nayo moja tu, ile ya kwenye pasi, kitambulisho cha serikali, na pasi ilienda naye.

Wakikuyu wengi tuliofanya kazi za ndani tulifukuzwa wakati huo, wakaletwa watu kutoka upande wa magharibi wa nchi. Mimi nilibakizwa kwa sababu ya ile mashine. Kihara aliwaambia askari wazi kwamba akinikosa hana sinema. Kwa hivyo nieleweni: filamu ikiharibika mikononi mwangu, lori lilikuwa linaningoja mimi pia.

Kihara alikuwa na kamera ndogo. Alikuwa anazunguka shambani akipiga mbwa, farasi, binti yake, wafanyakazi. Filamu zilikuwa zinatumwa Ulaya kusafishwa, zinarudi baada ya muda mrefu hata mwenyewe amesahau alipiga nini.

Jumamosi moja akanipa reel mpya, gurudumu zima la filamu, iliyotoka posta. Nikaipitisha, nikawasha mota, nikawasha taa.

Mbwa. Farasi. Memsahib, mkewe, na maua yake.

Halafu Njoroge.

Anapanda ubao wa kupandishia magunia pale fakitorini, gunia begani. Anafika juu, anainua uso, anajipangusa jasho kwa mkono, anamwona Kihara na kamera, anacheka. Kaka yangu akicheka alikuwa anafunga jicho moja. Pale ukutani alifunga jicho moja.

Nilishika meza.

Mgeni mmoja akapiga kelele kwamba warudishiwe kinyumenyume, huo ndio ulikuwa mchezo wao. Kihara akanipigia vidole. Nikabonyeza ile swichi. Njoroge akashuka ubao na mgongo mbele, kicheko kikarudi mdomoni, miguu inapapasa nyuma kama ya mlevi. Walicheka mpaka wakamwaga vinywaji.

Ikawa ndiyo wanayoipenda. Kila wakija wageni, lazima ile ya gunia, kwenda na kurudi.

Majuma machache baadaye, asubuhi moja, nilimfuata Kihara verandani. Nikamwambia yule mtu wa gunia ni ndugu yangu, amekufa, mama yetu hana picha. Nikamwomba anikatie kipande kidogo tu. Pale Thika mjini kulikuwa na Mhindi mpiga picha, nilishamuuliza, akasema akipata hata picha moja ya filamu anaweza kuikuza ikawa ya kutundika ukutani.

Kihara alinitazama vizuri. Akasema, "Pole sana. Wewe tunza filamu yangu yote, hapana haribu hata moja. Siku moja mimi nakata hiyo, napa wewe."

Nilimshukuru. Nilitoka pale nikiwa na furaha, wakuu. Nikimkumbuka yule kijana niliyekuwa, akishuka ngazi za veranda akitabasamu, nataka kumzaba kofi.

Nilianza kuitunza ile filamu kama yai. Nilipangusa meno ya mashine kwa mswaki. Nilikagua kila kiungo. Siku moja, siku moja, Bwana amesema siku moja.

Mama alikuwa ameshahamishiwa kwenye kijiji cha Emergency upande wa Theta, handaki pande zote na mlango mmoja. Msimu wa kuchuma kahawa, wanawake walitolewa huko wakisindikizwa na homeguard, wale walinzi wenyeji wa serikali, kuja kuchuma shambani kwetu. Nilimwambia kuhusu filamu. Aliendelea kuchuma. Siku iliyofuata akaniuliza, "Nitamwona lini?"

Mpishi wa Kihara alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, mlokole, mwenye roho safi. Nilipomweleza akasema, "Hata kama ni mimi mamangu angetaka. Mlete. Mimi nitakaa pale mlango ya jikoni, gari ikitokea nitaimba pambio."

Siku Kihara na memsahib walipoenda klabu Thika, mama alitoka kwenye mistari ya kahawa akapitia nyuma ya jikoni. Alisimama bombani akanawa miguu matope yote. Akafunga kitambaa kichwani upya, vile alivyokuwa anafunga akienda kanisani.

Nilimwonyesha kiti cha ngozi, akakataa. Akaketi sakafuni karibu na ukuta.

Msifikirie alishangaa kuona watu wakitembea ukutani. Gari la sinema la serikali lilikuwa limeshafika kijijini kwao kuwahubiria uaminifu. Mama alijua picha ni picha.

Mbwa wakapita. Farasi wakapita. Njoroge akatokea.

Mama alisema "Ũũi!" kwa sauti ndogo sana, akasogea mbele kwa magoti. Njoroge akapanda, akainua uso, akajipangusa, akacheka.

"Msimamishe," mama akasema. "Msimamishe hapo nimtazame."

"Maitu, mama yangu, haiwezekani. Itaungua."

"Picha gani isiyoweza kusimama? Msimamishe!"

Njoroge alikuwa ameshapita. Mama akageuka kuniangalia. "Basi mrudishe."

Nilikuwa na haraka, masikio yangu yako jikoni. Njia ya haraka ilikuwa ile swichi. Nikaibonyeza, na kaka yangu akaanza kushuka ubao kinyumenyume, kicheko kinarudi ndani, miguu inapapasa.

Mama alibaki kwa magoti. Aliangalia mpaka Njoroge akatoweka kwenye ncha ya ukuta.

"Hivi ndivyo mnavyowaonyesha wageni?"

Ningeweza kukataa. Lakini mama angejua. Nikasema ndiyo.

Akainuka, akapangusa magoti yake. Akaniambia taratibu, "Kumtembeza nyuma kama mwendawazimu ili wazungu wacheke, unaweza. Kumsimamisha mimi nimwone uso, huwezi."

Nilianza kumweleza habari ya globu na wavu uliovunjika. Nilikuwa namweleza mgongo. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akampa Wafula mkono kwa heshima, akarudi kwenye kahawa.

Mtaniambia ningesimamisha sekunde moja tu. Ingeungua. Nimeiendesha ile mashine miaka, najua. Na ingeunguza uso wake hasa, palepale anapocheka, kwa sababu ndipo mama alipotaka asimame. Halafu Mhindi wa Thika ningempelekea nini? Na lori je?

Nilijiambia, subiri. Siku moja nitamletea Njoroge kwenye fremu ya mbao, atamtazama asubuhi mpaka jioni, na hili litakwisha.

Miaka ikaenda. Kila nikimkumbusha Kihara, jibu ni lile lile, tunza, tunza. Mama alinipokea nikienda kumwona, alinipa chakula, tuliongea habari ya mvua na ya maharagwe. Jina la Njoroge hakulitaja mbele yangu tena.

Emergency ilipoanza kulegea, watu wakarudi, homeguard wakapungua. Binti ya Kihara akachumbiwa. Siku ya kumleta mchumba nyumbani, Kihara akataka sinema kubwa. Akanipa ile reel.

Niliipitisha, mota, taa. Mbwa. Farasi. Memsahib na maua. Halafu binti akiwa mdogo kwenye baiskeli.

Nikadhani macho yananidanganya. Nikangoja. Reel ikaisha, mkia wa filamu ukawa unapiga meza, tap tap tap, Kihara akaniita jina kwa ukali nizime.

Wageni walipokuwa wanajimiminia vinywaji nilimsogelea. "Bwana, ile ya gunia iko wapi?"

"Hiyo?" Alifikiri kidogo, kweli alikuwa amesahau. "Mimi nakata vitu mbaya mbaya yote. Hiyo zamani sana, hakuna mtu nacheka tena."

"Bwana uliniahidi."

"Ah. Pole." Akanishika bega, wakuu, alinishika bega. "Wewe nakosa kumbusha mimi. Haya, weka reel ingine, watu nangoja."

Nikaweka reel nyingine. Nikawasha mota, nikawasha taa.

Asubuhi nilimuuliza Wafula kama aliona vipande vya filamu. Akaweka sufuria chini. Kihara alikuwa amempa mkebe wa takataka wiki hiyo, akamwambia achome shimoni pamoja na majani ya bustani. Wafula alimwagia mafuta ya taa akawasha. "Ilinuka vibaya sana," akasema. "Mungu wangu, ndugu yangu, mimi sikujua." Yule mzee alilia kuliko mimi.

Nilienda kwa mama Jumapili. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwambia moja kwa moja kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuzungukazunguka.

"Imeungua yote?"

"Yote, Maitu."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Akaliweka pembeni.

"Basi siku ile ungemsimamisha tu."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea. Alisema kama mtu anayekuambia mvua imeacha kunyesha.

Niliacha kazi kwa Kihara mwezi huo, nikaenda kukata mkonge upande wa Thika. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Uso wa Njoroge aliuona mara moja ukutani, ukipita, na mara ya pili ukirudi nyuma.

Funzo nililopata si zuri na silipambi. Nilimnyima mama yangu kitu kilichokuwa mbele ya macho yake, nikakilinda kwa ajili ya ahadi ya mtu ambaye hata hakukumbuka ameahidi. Kihara simsamehi, na msije na maandiko hapa kunihubiria, kanisani naenda kila Jumapili na bado simsamehi.

Kama una kitu ambacho mama yako anakitaka, mpe leo, hata kwa kuharibu kitu cha tajiri.

Nawaachia uwanja. Wale mtakaosema nilifanya sawa, nimeshayasikia hayo kutoka kwa watu wema wengi na hayajanisaidia. Nataka kusikia kutoka kwa aliyezika mtoto: mama akikuomba vile, amepiga magoti, filamu inatembea na taa inawaka, wewe ungesimamisha?