Jioni za Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Voi, Kenya. Kutoka Voi hadi Moshi si mbali, unapita Taveta, unapita Himo, umefika, wala hupandi ndege. Lakini ugeni ni ugeni. Miaka ile ya tisini niliolewa Old Moshi na dereva wa malori, na wiki ya kwanza tu nikagundua kwamba Kiswahili nilichokuja nacho, kwa masikio ya watu wa huku, ni cha matusi. Nilimwambia muuza duka, "Nipe sukari kilo moja." Watu wote dukani wakageuka kunitazama. Mama mkwe, ambaye tuliongozana naye, alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Mwanangu, huku tunasema naomba. Hata kama pesa unayo mkononi."

Alinipenda yule mama. Nalisema mapema ili mjue niliyemtendea haya ni nani.

Kiingereza changu kilinipatia kazi upesi. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye gari mbili na mahema alikuwa anaanzisha kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Wote walitaka mtu wa kujibu simu na faksi za Wazungu bila kigugumizi. Nikakaa mezani pale mjini, nikawa naeleza watu wa mbali kwamba hapana, kule juu hakuna maji ya moto, na ndiyo, baridi ipo, tena kali. Asubuhi nateremka, jioni napanda. Lakini ofisini nilikuwa "yule Mkenya", na kijijini nilikuwa "yule Mkenya". Walinisalimia vizuri, wakaniuliza habari za Kenya, basi, wakarudi kwenye Kichaga chao.

Mwaka wa tatu, mwezi wa tisa, mama mkwe alianguka zizini akikamua ng'ombe. Kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto ukafa ganzi, ulimi Mungu akauacha. Mume wangu alikuwa njiani kwenda Tunduma. Mawifi zangu wote wawili wako Dar, wana kazi na watoto wadogo. Nani abaki na mgonjwa? Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye mgongo mbovu, aliahidi kushinda naye mchana nikiwa kazini, ila kumwinua hawezi. Akanishika bega akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo wewe sasa." Nikamjibu kwa kiburi changu chote kwamba nitaweza.

Hospitalini tulimkuta mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mfupi, mikono yake kama ya mtu wa kutwanga. Aliukunja ule mguu, akaukunjua, akanigeukia mimi. "Huyu anaweza kutembea. Lakini mguu haumsubiri mtu. Asubuhi na jioni, kila siku, unamwinua, unamshika kiunoni, anatembea. Mkilegea miezi hii mitatu utakakamaa, na hapo usije kunililia mimi."

Mama mkwe akauliza jambo moja tu. "Krismasi nitakuwa nimesimama?"

"Ukifanya, utasimama."

Asiyeijua Krismasi ya Wachaga aniulize mimi. Desemba mabasi ya Dar yanapanda huku yamejaa mpaka kwenye ngazi, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Mama mkwe alikuwa na desturi yake. Siku ya watoto kufika alijifunga kanga mpya, akashuka hadi kwenye kona ya njia, akawapokea amesimama. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kukosa. Alitaka tu kusimama pale tena, jamani. Hakuomba kingine.

Tulianza. Asubuhi kidogo, kwa sababu ya haraka zangu, na jioni ndiyo kazi yenyewe, kabla giza halijaingia na njia haijalowa umande. Kutoka mlangoni hadi mgomba wa kwanza, tunapumzika. Hadi wa pili, tunapumzika. Alikuwa mzito, nami mwembamba, tukiyumba wote anaanza kunitania. "We Mkenya, unanivuta kama mbuzi wa mnadani." Akifika anaushika mgomba kwa mkono mzima, anahema, anasema, "Haya, naomba turudi," kisha ananitazama kama nimeielewa hiyo naomba yake. Kufika katikati ya mwezi wa kumi alikuwa anafika mgomba wa saba kwa fimbo, na mimi nimemshika kidogo tu. Mguu ulikuwa unarudi. Niliuona kwa macho yangu, sihadithiwi.

Kisha mwenzetu mmoja ofisini akataka kuoa.

Huku mtu haoi peke yake. Kunaundwa kamati, kamati inakuwa na vikao, na vikao vinakaa kwenye baa baada ya kazi, nyama inachomwa, ndizi zinachomwa, watu wanabishana kuhusu ukumbi na keki mpaka unafikiri wanaoa wao. Siku ya kwanza nilikwenda kwa adabu tu. Mtu akasema, "Mkenya anaandika haraka, awe katibu." Wakapiga makofi. Haki ya nani, sikuwahi kupigiwa makofi tangu nivuke mpaka! Kesho yake mjini mwanamke ambaye hajawahi hata kunipungia mkono aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Katibu! Katibu!" Nikatembea siku nzima nimejaa.

Nisidanganye, nilifurahi. Nilikuwa na kiu ya watu. Vikao vilianza mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu, kisha ikaja kamati ya pili, ya send-off, sherehe ya kumuaga binti wa bosi kabla hajaolewa, na katibu ni nani? Ni mimi. Nyumbani nilisema, "Mama, kazi ofisini zimezidi, msimu wa wageni umefika." Naye alikuwa anajibu, "Nenda mwanangu, kazi ya watu haichezewi." Nikarudi amekwisha kulala. Asubuhi nikajiambia nitafidia, lakini asubuhi ni kumwogesha, kumnywesha uji, kubadili shuka, na pikapu inapiga honi barabarani. Mshika mbili moja humponyoka, nami nilishika tatu. Tena sikuponyokwa kwa bahati mbaya, niliachia mwenyewe.

Jirani aliniuliza siku moja, "Mbona jioni siwaoni tena migombani?"

"Mama amechoka," nikamjibu, tena kwa ukali. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda naye kutwa, anajua amechoka au hakuchoka.

Mwezi wa kumi na moja tulirudi kliniki. Yule mama wa mazoezi aliushika mguu, akajaribu kuukunjua, akaurudisha chini. Kisha akauliza, "Jioni mnatembea?" Nilifungua mdomo nijibu. Mama mkwe akadakia, "Kila siku. Huyu ananihimiza mpaka nalia. Ni mimi tu na uzee wangu." Yule mama akaandika kwenye kadi yake. Mimi nikatazama sakafu.

Tulipokuwa kwenye gari tukirudi, aliniuliza taratibu, "Hiyo harusi ni lini?"

"Harusi gani, mama?"

"Kitenge chako kinanuka nyama choma kila siku. Ni ofisi gani hiyo inayochoma nyama?" Akacheka. Mimi sikuweza. "Imalizike tu, turudi kazini," akasema.

Ningekuwa mtu, ningeacha siku ile ile. Siku nne nilirudi nyumbani mapema. Siku ya tano wakaniita, ni kikao cha mwisho, bila katibu hakiendi, nikaenda. Harusi ilipokwisha nilimwinua mama kwa nia moja kweli kweli, lakini mguu ulikataa. Goti halikunyooka. Alipiga kelele, akauma kanga yake, akaniambia tuendelee, na mgomba wa kwanza hatukufika.

Watoto wakaja Krismasi. Mume wangu alitaka kumbeba mama kwenye kiti hadi kwenye kona ya njia, akakataa katakata. "Mimi si kabati la kuhamishwa." Akawapokea ndani, ameketi. Mawifi walimlilia, kisha wakanigeukia wakanikumbatia. "Bila wewe tungekuta kaburi," akasema yule mkubwa. "Sisi wa damu tulikuwa wapi?"

Mbuzi akachinjwa. Katika ukoo ule kidari ni cha mama mwenye nyumba, hakigusi mtu mwingine. Kilipoletwa kwenye sinia, mama mkwe aliniita mbele ya wote. "Hiki nampa mwanangu wa Kenya," akasema. "Ndiye aliyenisimamisha." Vigelegele vikapigwa. Mume wangu, mtu asiyelia, alifuta macho.

Nilipiga magoti mbele yake kupokea, na palepale nikaona siwezi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, naomba niwaambie ukweli."

Akaniinamia kana kwamba ananibariki. Mkono wake mzima ulinishika shingoni, tena kwa nguvu.

"Usiwaambie," akasema sikioni mwangu. "Watakufukuza. Wao kesho kutwa wanarudi Dar. Mimi nitabaki na nani?"

Nikakipokea kile kidari, nikakaa chini, nikala mbele yao mpaka kikaisha.