Siku Meli Yangu Ilipotia Nanga Kwetu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo miguu hunicheza kitini kama ya mtu aliyechelewa. Nilikuwa msichana bado, damu inachemka, nafanya kazi ya kutandika vitanda na kufagia vyumba kwenye meli kubwa ya watalii. Meli ile ilikuwa ikizunguka dunia, leo imetia nanga hapa, kesho kule. Wageni hushuka asubuhi, wakatembea mji, jioni wakarudi na vinyago na picha. Sie watumishi bandari nyingi tuliziona kwa kidirisha tu. Basi siku hiyo zamu ya kutia nanga ikaiangukia Dar es Salaam. Kwetu.

Nilikuwa na mtoto Temeke. Binti yangu, Hawa. Babake alikwenda Tunduru kutafuta vito, na mpaka leo anayetafutwa ni yeye. Nilipopata kazi ya meli, Hawa ndiyo kwanza anasimama dede. Nikamwacha kwa mama yangu, nikaenda zangu, maana njaa haina subira na mtoto hashibi kwa kubebwa. Tangu hapo sikumwona tena. Nilikuwa nikimwona kichwani tu, nikitandika vitanda vya watu.

Msimamizi wetu akatupa ruhusa ya kushuka, akasema neno moja: "Saa kumi ngazi inapandishwa. Atakayechelewa, meli haina mama."

Nikiwa natoka mbio kwenye ujia, bibi mmoja mgeni, mtu mzima, akanishika mkono. "Binti, si ndio mji wenu huu? Kwa saa hizi chache nikatazame nini?" Nikamjibu kama kasuku: soko la samaki, makumbusho, vinyago vya Mwenge. Akacheka. "Yote hayo leo leo?" Nikamwambia inawezekana ukienda haraka. Na mie mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nimejipangia. Nitafika Temeke, nimchukue mwanangu, nimvishe nguo mpya, nimpeleke Kariakoo tupigwe picha ya studio. Kutoka hapo Tandale kwa shangazi. Kutoka Tandale Mikocheni, nikamshukuru dada aliyenitafutia kazi. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, lakini nani alikuwa na nafasi ya kukumbuka methali siku ile?

Nikakodi teksi pale nje ya geti la bandari, nikamwambia dereva asizime hata injini tukifika. Foleni ya Barabara ya Kilwa ilikuwa imelala kama chatu aliyeshiba. Kila gari iliposimama mie nasogea mbele ya kiti, kana kwamba nikisogea mie, gari nayo itasogea.

Mama alikuwa amepanga chumba kwa Bi Mwanaidi, Mzaramo wa asili, mwenye nyumba mwenye ulimi mkali na moyo laini. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa uani anagombana na kuku. Nikaingia na mabegi, mama akaangusha ungo, tukakumbatiana, tukalia. Salamu zikakatwa katikati, shikamoo ikatoka bila kungojewa marahaba.

"Hawa yuko wapi?"

Alikuwa mlangoni. Alikuwa mrefu! Kichwani mwangu alikuwa bado yule wa kusimama dede, na huyu hapa ana meno na magoti yenye makovu. Nikamkimbilia. Nikamnyanyua, nikambusu, nikavuta begi lipi sijui, nikatoa mwanasesere niliyemnunua mbali huko, mkubwa, macho yake yanafumba na kufumbua. Nikamwekea usoni.

Mtoto akapiga ukelele ambao majirani waliusikia mtaa wa pili. "Mama! Mama!" Na aliyekuwa akimwita si mie. Alikuwa akimnyooshea mikono mama yangu.

Nikasema, ngoja, atazoea. Nikatoa viatu. Nilivinunua kwa kumkadiria mtoto niliyemwacha, havikupita hata vidole. Nikatoa gauni, nikataka kumvisha hivyo hivyo analia, maana dereva nje alikuwa ameanza kupiga honi na studio ya Kariakoo ilikuwa inanisubiri kichwani. Hawa akaniponyoka, akakimbilia chumbani, akajitosa mvunguni mwa kitanda cha bibi yake mpaka ukutani kabisa.

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono. "Njoo, mwanangu, njoo twende tukapande gari." Akanipiga kofi mkononi. Nikamshika mguu, nikaanza kumvuta.

"We Zainabu! Hebu mwachie!"

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yangu, kiunoni kajifunga kanga. Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile kwa mtu, labda kwa kuku.

"Bibi, sina muda," nikamwambia. "Meli inaondoka saa kumi."

"Meli ni yako, si yake. Unamvuta mtoto kama gunia la karafuu? Makuli wenyewe hawavuti hivyo." Akaninyooshea kidole. "Ukitaka cha mvunguni, mjukuu wangu…"

"Niiname. Si nimeinama?"

"Umeinama mgongo. Roho yako bado imesimama, imeshika kitasa cha gari." Akageukia dirishani, akamwita dereva kwa sauti ya kuvuka barabara. "Baba, hebu nenda kale! Rudi baadaye, na hiyo honi yako ikalale!" Kisha akanitazama. "Unakwenda wapi na wapi leo?"

Nikamtajia. Kariakoo, Tandale, Mikocheni.

"Na hapa?"

"Si ndio nipo hapa, bibi."

Akanitazama begani, akanitazama miguuni, na mie nikajiona nilivyo: mkoba bado uko begani, kiatu kimoja nimevua, cha pili nimevaa.

Mwanangu, mzee akikukemea, unaumia mara mbili. Kwanza kwa sababu amekukemea, halafu kwa sababu ni kweli. Nilitaka kumjibu kwamba yeye hajui kazi za watu, hajui kuishi bila kukanyaga udongo. Badala yake nikainama. Nikavua kiatu cha pili. Nikatoka uani.

Bi Mwanaidi akanisukumia kibao cha mbuzi na nazi mbili. "Kaa kitako. Mchana tunakula kisamvu. Ukune."

Basi nikakaa, nikakuna nazi. Sitakudanganya kwamba nilitulia. Mikono ilikuwa inakuna, moyo unahesabu foleni. Nilikuwa naliona jua linavyosogea ukutani nikahisi kama mtu ananiibia mchana kweupe. Mama yangu anatwanga kisamvu, anaogopa hata kunitazama, masikini, kana kwamba yeye ndiye aliyeniibia kuitwa mama. Mara mbili nilinyanyuka nusu. Mara mbili Bi Mwanaidi akakohoa.

Kisha nikasikia miguu midogo. Sikugeuka. Bi Mwanaidi alikuwa amenikataza kwa macho. Kivuli kikaja, kikasimama ubavuni pangu, kikachuchumaa. Mkono ukaingia kwenye sinia, ukachota nazi, ukarudi haraka.

"Dada," sauti ikasema, "nipe maji ya nazi."

Aliniita dada. Neno lile lilinichoma, lakini nikampa. Akanywa yote, akajipangusa kwa kiganja.

"Wewe unaitwa nani?"

"Zainabu."

Akafikiri. "Mama yangu anaitwa Zainabu. Yuko kwenye meli."

Kinu cha mama kilinyamaza. Kumbe walikuwa wakimwambia! Kila siku walikuwa wakimfundisha jina langu, nami nikamjia na mwanasesere badala ya kumjia na jina.

"Ndiyo mie," nikasema.

Hawa akanitazama juu mpaka chini. "Muongo. Mbona huna meli?"

"Nimeiacha bandarini."

"Imefungwa kamba?"

"Imefungwa kamba nene kuliko mguu wako."

Hilo lilimwingia. Akasogea. Akataka kujua meli inakula nini, inalala wapi, kama ina mbwa. Nikamjibu moja moja huku nakuna. Akaomba akune yeye. Nikamkalisha mbele yangu kwenye kibao, nikaishika mikono yake asije akajikata, na nywele zake zikawa chini ya kidevu changu. Zilikuwa zinanuka mafuta ya nazi na moshi. Sijawahi, mwanangu, katika bandari zote nilizopita, kuona kitu cha kutazamwa kama utosi ule.

Tulikula kisamvu uani. Tukaosha vyombo. Hakuna picha iliyopigwa. Shangazi wa Tandale hakuniona, wa Mikocheni naye hivyo hivyo. Hawa akaanza kusinzia akiwa bado anauliza, akanilalia mapajani, mguu mmoja mkekani mmoja mchangani. Nami nikaanza tena kuhesabu foleni, maana dereva alikuwa amerudi. Safari hii hakupiga honi. Alisimama mlangoni, akanionyesha saa yake.

Mama akaninong'oneza, "Mlaze taratibu uende. Akiamka nitajua la kumwambia. Usimlize mtoto."

Nilikubali mara moja. Nilitamani hivyo hivyo, kwa kuwa nilijua sitaweza kuyatazama macho yake. Nikaanza kumwinua kichwa taratibu.

"Zainabu," Bi Mwanaidi akasema. Safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Mwamshe."

"Atalia, bibi."

"Na alie. Mwizi ndiye anayetoka watu wamelala. Wewe ni mama yake, aga."

Nikamwamsha. Nikamwambia, "Hawa, mama anarudi kazini. Meli inanisubiri. Nitarudi." Alikaa kidogo akinitazama, usingizi haujamtoka. Halafu alipoelewa, akaishika kanga yangu kwa mikono miwili. Kilio alichokitoa, Mungu wangu! Ikabidi mama yangu amfungue vidole kimoja kimoja. Nilitembea mpaka kwenye gari bila kuiona njia.

Bi Mwanaidi alinisindikiza hadi mlangoni mwa teksi. Alikuwa analia naye, hajifichi. Akaniinamia dirishani akasema:

"Usisikitike. Asubuhi alilia kwa sababu umekuja. Sasa analia kwa sababu unakwenda. Mtu haliliwi na asiyemjua."

Nilifika bandarini wanaikunja ngazi, nikapanda kwa kukimbia na matusi ya msimamizi. Jioni yule bibi mgeni, aliyekuwa amevizunguka vyote nilivyomtajia na miguu imemvimba, akaniuliza nami nilikwenda wapi. Nikamwambia nilikaa uani, nikakuna nazi. Nadhani alidhani namtania.

Mkataba ulipokwisha nilirudi nyumbani moja kwa moja. Hawa alinitambua kutoka kona ya mtaa, akaja mbio akipiga kelele, "Mama wa meli! Mama wa meli!" Aliniita hivyo kwa muda mrefu. Kisha siku moja, hata sikumbuki ipi, ile meli ikadondoka katika jina, nikabaki mama. Bi Mwanaidi ametangulia mbele ya haki. Hawa leo yuko Kinyerezi na watoto wake, ananigombeza kwa simu kama nimesahau kunywa dawa.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nawaona nyie mnaokwenda Muscat, mnaokwenda migodini, mnaopanda hizo meli. Mkipewa siku mbili za nyumbani mnazikatakata kama nyama ya shughuli, kila mtu apate kipande, na hakuna anayeshiba. Hata wageni wanaoshushwa pale bandarini nawaonea huruma. Wanaukimbia mji huku wanadhani wanautazama. Usifanye hivyo. Ukiwa na saa chache, chagua mlango mmoja. Uingie, uvue viatu vyote viwili. Kama kuna kazi inafanywa, shika upande wake. Usilazimishe kupendwa kwa sababu wewe una haraka. Haraka ni yako, mwenzio hakukutuma. Wale usiowafikia, watumie salamu na uwaombe radhi, wenye mapenzi watakuelewa. Na ukiondoka, aga. Aga hata kama wataumia, hata kama utaumia wewe zaidi. Anayeagwa hubaki na neno la kungojea. Asiyeagwa hubaki anatazama mlango tu.

Nenda, mwanangu. Mola akufikishe ulikokusudia na asikunyime marejeo. Akupe riziki isiyokusahaulisha kwenu, na kila utakaporudi, akujaalie umkute wa kukuuliza jina na umjibu bila aibu.