Futi ya Fundi Nusu

Jina la Fundi Nusu alipewa kwa sababu ya ubishi wake. Ukimwambia punguza suruali kidogo, anakujia juu: “Kidogo ndiyo nini? Sema moja, sema nusu!” Ameshona miaka thelathini na kitu, na hajarudi mteja hata mmoja kulalamika kwamba shati linambana. Futi yake ya kitambaa, ya njano iliyopauka, haimtoki shingoni. Hata Jumamosi, akifunga kibanda na kwenda gatini kuvua, anakwenda nayo.

Kuvua kwenyewe alifundishwa na kaka yake mkubwa. Walikaa gatini bega kwa bega miaka nenda rudi, wakitupa mishipi na kutaniana, wakirudi na ndoo ya changu. Sasa kaka yuko kitandani, chumba cha nyuma. Hospitali wamesema akae tu nyumbani, na maana yake wote pale ndani wanaijua.

Bahari nayo imebaki maji matupu. Unadhani nani kawamaliza samaki? Ni zile meli za kampuni, zinakokota nyavu kutwa kucha, zinazoa mpaka vifaranga. Lakini sheria ilipokuja, jamani, ilimkamata nani? Mzee mwenye ndoana moja! Samaki wawili kwa siku, basi. Changu asiyefika sentimita arobaini arudishwe majini. Na mwaka huu wakaongeza: kuanzia Jumapili hii, ndoana marufuku miezi minne, eti samaki wazaane. Meli je? Meli zina kibali chao. Inauma, acha tu.

“Kesho ndiyo mwisho,” kaka alimwambia Ijumaa, sauti imebaki uzi. “Niletee changu mmoja, mdogo wangu. Kula siwezi. Nataka nimshike tu.”

“Nitakuletea.”

“Usije ukaniletea hadithi.”

Jumamosi Fundi alikuwa gatini tangu alfajiri. Hakuna kitu. Mbele yake meli inakwenda, inageuka, inarudi, naye anaitukana peke yake kila ikipita. Saa saba mchana mshipi ukakaza. Alivuta, akatoka changu mwekundu, mnene, anapigapiga mkia kwenye saruji. Fundi akavua futi shingoni, akapima kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Thelathini na tisa. Akapima tena. Thelathini na tisa.

Hapakuwa na mtu. Angemtia ndooni, nani angejua? Lakini huyu ni Fundi Nusu, mtu ambaye hajamwibia mteja hata upana wa kidole. Akainama, akamwachia. Kisha akakaa chini akalia, mtu mzima na mvi zake.

Haikupita nusu saa, bwana uvuvi akafika na ubao wake wa chuma wa kupimia, kazini kwake kukagua ndoo za watu.

“Shikamoo mzee. Leo patupu?”

“Marahaba. Nilimpata mmoja, thelathini na tisa, nikamrudisha. Mmefurahi sasa?”

“Ulimpima na nini?”

Fundi akampa futi. Bwana uvuvi akaitandaza juu ya ubao, akakunja uso, akaitandaza upya.

“Mzee, futi yako imevutika. Tazama mwenyewe. Arobaini ya ubao, kwako thelathini na nane na nusu. Samaki wako alizidi. Alikuwa halali yako.”

“Wacha wee! Mbona nguo zangu zote zinawakaa watu?”

“Si unampima mtu na kitambaa kwa futi hiyohiyo? Zitakosaje kukaa?”

Fundi akaichukua futi yake, akairudisha shingoni. Alikuwa anawahesabu changu aliowarudisha tangu sheria ianze, wangapi walikuwa wake, na wangapi waliishia kwenye zile nyavu. Akavua tena mpaka jua likazama. Hakupata hata dagaa.

Nyumbani alimkuta kaka ameketishwa, mto mgongoni, gazeti kuukuu limetandazwa mapajani tayari kumpokea samaki.

“Yuko wapi?”

“Nilimpata, kaka. Nikamrudisha.”

“Alikuwa mdogo?”

Angeweza kusema ndiyo yakaisha.

“Hapana. Nilikosea kupima.”

“Wewe? Ukosee kupima?” Kaka akadhani ni utani wao wa siku zote, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Halafu akautazama uso wa mdogo wake. Akalikunja lile gazeti taratibu, mara mbili, akageukia ukutani.

Alifariki wiki ya sita, ndoana bado marufuku. Suti ya kuzikia Fundi alikataa isishonwe na mtu mwingine. Futi mpya hakununua. Alimpima kaka kwa ileile, bega mpaka kiganja, kiuno mpaka kisigino, akakata kitambaa kwa ileile. Watu waliokuja kuaga wakasema suti imemkaa sawasawa, haikupungua hata nusu.