Matanga ya Mtu wa Karatasi

Leodgar wa Kibaoni hakuwa mwalimu wa kweli, na wa kwanza kukuambia hivyo angekuwa yeye mwenyewe. Alikuwa mkulima wa mpunga aliyefika darasa la sita, akakabidhiwa chaki kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na kwa sababu siku ile ya uchaguzi hakuwepo mkutanoni kujitetea. Ndivyo vijiji vinavyopata watumishi wake. Mwaka huo, sabini na tatu, kila kijiji kilitakiwa kiwe na kisomo cha watu wazima. Cha Kibaoni kikapewa baraza la ghala la mpunga, ubao mmoja na magogo ya kukalia.

Siku ya kwanza walikuja watu thelathini na wanane. Wiki ya tatu walikuwa saba, na kati ya hao saba Mzee Maximilian alikuwa anakuja kulala, maana nyumbani kwake wajukuu walikuwa wengi na kelele zao nyingi zaidi.

Leodgar aliumia kuliko alivyoonyesha. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Mkewe alifariki miaka tisa nyuma bila kuacha mtoto, na tangu hapo alikuwa mtu wa kupita tu kijijini: anasalimiwa, anaitikia, anakwenda zake. Hakuna aliyewahi kusema, "Subirini kwanza, Leodgar hajafika." Zile siku chache za watu thelathini na wanane zilimwonjesha utamu wa kusubiriwa, na utamu huo ukimwingia mtu haumtoki upesi.

Basi akakumbuka sinema. Ujanani aliosha masufuria kwenye machimbo ya madini ya risasi ya Mpanda, na huko gari la sinema lilikuja mara mojamoja, likatundika shuka jeupe. Vibarua walikaa nyuma ya shuka, kwa hiyo Leodgar aliona kila kitu kikiwa kinyume na hakujali hata kidogo. Kilichomvutia si watu wa kweli. Ni picha za kuchorwa zilizokimbia! Kizee cha kuchorwa kiliangukiwa na ukuta mzima, kikawa bapa kama chapati, halafu kikajikung'uta na kuendelea na safari. Leodgar aliondoka pale na sheria moja kichwani, kwamba mtu wa kuchorwa hafi, hazeeki na hajifunzi.

Akatafuta boksi la sabuni, akalikata dirisha upande mmoja. Akaomba mifuko mitupu ya saruji pale zahanati ilipokuwa inajengwa, akaibandua tabaka zake, akaziunganisha kwa uji mzito wa muhogo zikawa mkanda mrefu, akauviringisha kwenye vijiti viwili. Alichora kwa mkaa, kwa udongo mwekundu na kwa bluu ya kufulia. Jumamosi saa kumi, somo lilipokwisha, aliweka boksi juu ya meza, akazungusha kijiti, na Bwana Kibuyu akaingia Kibaoni.

Kibuyu alikuwa na tumbo la kutangulia, jino moja, na hakujua kusoma. Hayo tu yalitosha. Alipanda treni ya Tabora akidhani ya Mpanda. Alipeleka barua ya mahakama kwa mkwewe akidhani ni ya posa. Alipalilia shamba la jirani siku nzima kwa kushindwa kusoma kibao, na jirani akampikia chai ili asichoke mapema. Leodgar alimtolea sauti zote: ya Kibuyu, ya mkewe Tabu, hata ya treni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wiki ya pili walikuwa arobaini, na sharti lilikuwa moja tu: asiyekaa kwenye somo hatazami boksi. Mzee Maximilian alilala somo zima na kuamka boksi lilipofunguliwa, bila kuamshwa na mtu.

Mambo yakaenda hivyo miaka miwili. Kila Jumamosi Kibuyu aliharibikiwa, na kila Jumamosi iliyofuata alianza upya, mzima kama yai, mjinga kama jana. Hata mtoto aliyebebwa na Tabu mgongoni hakushuka. Mama mmoja wa Kisukuma aliyeitwa Nyanzala ndiye aliyeuliza kwa sauti.

"Mwalimu, mtoto huyo nimemkuta mgongoni misimu miwili ya mpunga. Haoti hata jino? Au ni jiwe?"

Watu walicheka, Leodgar naye akacheka. Nyanzala alikuwa amehamia huku kwetu Mpimbwe na mumewe na ng'ombe wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ndama ng'ambo ya mto, na tangu mwaka wa kwanza alikwishapatana na wenyeji kutaniana. Neno la mtani halijibiwi kwa hasira. Lakini na tuseme ukweli, halikujibiwa kabisa.

Juni ya sabini na tano ndipo Leodgar alipokosea. Wiki hiyo alikuwa na homa na karatasi zilikuwa chache. Akamchora Kibuyu ameokota chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kibuyu anaigeuza, maandishi anayaona lakini hayamwambii kitu, anaidhania pombe, anainywa, anaanguka chali miguu juu. Mkanda ukaishia hapo. Leodgar akafunga boksi akaenda zake kulala, akijua kwamba Jumamosi ijayo Kibuyu angeinuka na kujikung'uta kama kile kizee cha Mpanda.

Nyuma yake watu walibaki wamekaa. Dawa ile waliijua. Mwaka uliopita ng'ombe watatu wa Manyanda, mume wa Nyanzala, waliilamba wakafa siku hiyohiyo.

Kesho yake Leodgar alitoka misa akakuta uani kwake wanawake kumi na kitu, kuni zimepangwa, unga umeletwa kwenye ungo, moto unawaka. Nyanzala alijipaka majivu usoni na kujifunga mto tumboni, akawa anatembea mwendo wa Kibuyu huku akilia kwa sauti ya kupasua anga.

"Pole mfiwa! Kibuyu wangu! Ameondoka na deni langu la mchicha!"

Leodgar aliangua kicheko, kisha akaona kwamba baadhi ya akina mama walikuwa na machozi ya kweli. Msiba ulianza kama utani, lakini msiba hata wa utani ukishawashiwa moto huwa na njia zake. Watu wakaketi matanga siku tatu. Hakuna aliyesoma, maana nani atasoma msibani? Mzee Maximilian alisimama kueleza habari za marehemu. "Alikuwa mjinga," alisema, "lakini alikuwa mjinga wetu." Watu wakapiga makofi, kitu kisichofanyika matangani, wakajishika midomo. Siku ya tatu wakaanua tanga, wakafagia uwanja na kuzoa majivu. Leodgar aliyekaa katikati ya watu hao siku zote tatu alijiona tajiri. Nyumba yake haikuwa imejaa namna hiyo tangu alipomzika mkewe.

Sasa tazama alichofanya. Jumamosi ilipofika walikuja watu karibu mia, wengine kutoka vijiji vya jirani. Leodgar akazungusha kijiti. Kibuyu yuko chali. Kibuyu akainuka, akajikung'uta. Tabu akapita na mtoto mgongoni. Kibuyu akaiona chupa ileile, akaigeuza, na Leodgar akamtolea sauti yake nene: "He! Hii nini? Pombe?"

Hakuna aliyecheka. Kuku alisikika akiparua nyuma ya ghala. Nyanzala aliinuka taratibu, akachukua kigoda chake, akaondoka. Wakamfuata wawili, wakamfuata kumi, na mwishowe Leodgar alikuwa anazungusha kijiti mbele ya magogo.

Somo la Jumatatu hakuja mtu. Jumatano hakuja mtu. Hata Mzee Maximilian alilala kwake, pamoja na zile kelele.

Leodgar alivumilia mpaka Alhamisi, akaenda kwa Nyanzala. Alimkuta akipepeta mchele, naye hakuacha kupepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mfufua maiti, karibu."

"Mama, mmenikasirikia kwa sababu ya karatasi?"

"Karatasi ni yako. Machozi ni yetu." Akapuliza makapi. "Kuinuka si neno. Mwache ainuke, tulimpenda. Lakini mwalimu, mtu ametoka kufa! Watu wamemlilia siku tatu, wamempikia. Anaamka, hasemi hata asanteni, haulizi nani alimlilia, anashika chupa ileile. Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mtu wa kuchorwa, mama. Ndivyo walivyo, hata wale wa sinema ya machimboni."

"Wa kwenu huko machimboni, labda. Huyu ni wa Kibaoni." Ungo ukasimama. "Nilipoanza kuja kwako, mimi na yeye tulikuwa sawa. Nilimcheka na mimi najicheka. Leo chupa ya dawa ya ng'ombe naisoma mwenyewe, Manyanda ananiletea nimsomee. Miaka miwili mimi nimetembea, na yeye umemfunga kamba mguuni. Nyie walimu, mnatuona sisi ni Kibuyu kila Jumamosi?"

Leodgar akaamua kusema kweli. "Mama, akijua kusoma hana tena cha kuchekesha. Na akiwa hana cha kuchekesha, nyie mtakuja kufanya nini? Mtaondoka. Mliwahi kuondoka, kabla yeye hajaja."

Nyanzala akacheka kicheko chake cha kuvuka mto. "Mtani wangu, kumbe mjinga wa Kibaoni hakuwa kwenye boksi!" Kisha sauti ikapoa. "Siwezi kukuahidi kitu. Watu ni watu. Wewe mfungue huyo maskini, halafu utaona."

Leodgar alirudi nyumbani akichukia kila neno, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli. Alichora siku nane. Ilimwuma kumchora Kibuyu akiwa na mvi mbili. Aliufuta mkaa mara tatu kabla mkono haujakubali. Akamaliza karatasi zote za saruji, hata zile alizoficha kwa ajili ya maonyesho ya msimu wa mavuno. Akamtuma Nyanzala kutangaza, akijua hakuna gazeti la kumshinda.

Walikuja, wamekunja mikono. Leodgar akazungusha. Kibuyu akafumbua macho, akakuta uwanja umefagiwa. Akamwuliza Tabu kulikoni, Tabu akamweleza nani alileta kuni na nani alileta unga, na Kibuyu akaenda nyumba kwa nyumba akipiga magoti. Mtoto alishuka mgongoni akatembea; hapo akina mama walipiga vigelegele mpaka Leodgar akasubiri. Kisha Kibuyu akafika baraza la ghala, akakaa gogo la nyuma, akashindwa herufi ya kwanza, akacheka mwenyewe, akaishinda ya pili.

Mwisho wa mkanda palikuwa na ile chupa, imechorwa kubwa ikajaza dirisha zima, na maandishi juu yake. Leodgar akafunga mdomo. Hakumtolea Kibuyu sauti. Watu wakangoja, wakamtazama yeye, wakatazama chupa.

"Su... mu," Nyanzala akaanza.

"Sumu," sauti nyingine zikadaka. "Sumu. U-si-nywe. Usinywe!"

Walikuwa zaidi ya sitini, kila mmoja na mwendo wake, waliotangulia wakiwarudia waliobaki nyuma. Mzee Maximilian ndiye aliyemaliza wa mwisho, peke yake, kidole hewani. "Sumu. Usinywe." Akageuka kuwatazama wenzake kama mtu aliyeinua gunia peke yake. Leodgar akazungusha kipande cha mwisho: Kibuyu ametupa chupa shimoni, anakwenda nyumbani na mtoto mkononi. Baada yake ilikuwa karatasi tupu. Watu walishangilia, wakamshika mkono, wakatawanyika. Leodgar aliinama kwenye boksi muda mrefu, akilia kidogo, na wala haikuwa aibu. Alikuwa ameishi na yule bwana miaka miwili.

Juma lililofuata alisema mapema, kila alipokutana na mtu: Jumamosi hakuna boksi. Karatasi zimekwisha, na Kibuyu hana tena kisa. Alitaka wajue, asije akamdanganya mtu. "Sawa, mwalimu," walijibu, wakapita. Namna walivyojibu upesi ilimnyima usingizi.

Jumamosi ilipokaribia saa tisa, saa ya somo, hakwenda barazani. Alizunguka nyuma ya ghala na chaki yake na kitabu chake cha kilimo bora, akakaa juu ya jiwe la kunolea mapanga. Alijiambia atangoja kidogo, na kama ni kimya atarudi shambani, bila mtu kumwona akisimama peke yake mbele ya magogo. Hakuna kosa kulinda uso wako.

Haikuwa kimya. Alisikia gogo likiburutwa. Akasikia kikohozi cha Mzee Maximilian, kikiwa macho kabisa. Akasikia kurasa, na Nyanzala akimkaripia mtu kwamba mstari wa tatu si hivyo, rudia. Leodgar akainuka, akapangusa suruali, akachungulia kwenye kona ya ukuta. Walikuwa arobaini na moja, vitabu magotini.

Wakamwona. Nyanzala akafunika kitabu kwa kiganja ili asipoteze mahali.

"Huyo hapo," alisema. "Mwalimu, sisi tumefika zamani. Njoo, mbona unasimama kama mgeni?"